Hongo ya Njia

Siku moja ya kiangazi nilikuwa napanda kutoka mjini Morogoro kwenda Morningside, ile nyumba kongwe iliyojengwa wakati wa Wajerumani kwenye bega la mlima. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, na kila baada ya hatua mia moja nilisimama kuvuta pumzi, nikijifanya natazama mji ulioko chini. Kwenye kona moja nyembamba nikakutana na mama mtu mzima anashuka, mkungu wa ndizi kichwani, na nyuma yake msichana aliyebeba tenga la karoti. Nikasogea pembeni niwapishe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unakwenda kutembea?"

Nikamjibu kwamba nakwenda kuitazama njia, kwa kuwa nilikuwa naandika habari za njia za zamani. Akacheka bila kusimama.

"Njia haitazamwi, baba. Njia hulimwa," akasema, akapita zake.

Neno lile lilinifuata mpaka juu. Ni kweli kwamba katika Kiswahili tunalima shamba na tunalima barabara. Njia isiyolimwa humezwa na nyasi katika masika mawili tu, na baada ya hapo hata mzee aliyeipita ujanani atakuonyesha kwa kidole, "ilikuwa pale," basi. Mimi nilikuwa nimesoma mengi kuhusu njia: nani aliipita, mwaka gani, akielekea wapi. Sikuwa nimejiuliza hata siku moja ni nani aliyeilima, wala alilipwa nini. Insha hii ni jaribio la kulijibu swali hilo, ingawa nimechelewa.

Chini ya milima ya Uluguru, upande wa kaskazini, ilipita mojawapo ya njia ndefu kuliko zote katika Afrika ya Mashariki: njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Mtu aliyebeba mzigo aliumaliza kwa miezi mitatu au zaidi. Katika siku zake za mwanzo kabisa baada ya kuiacha pwani, msafara ulivuka mto Kingani, na Kingani ni jina la zamani la Ruvu, mto unaozaliwa Uluguru. Kwa hiyo kabla msafiri hajauona mlima kwa macho, alikuwa amekwisha kuyakanyaga maji yake.

Njia yenyewe haikuwa moja. Burton na Speke mwaka 1857 walipita kusini zaidi, wakakaa Zungomero katika nchi ya Ukutu, upande wa pili wa milima. Stanley mwaka 1871 alipita kaskazini, akafika kwenye mji uliokuwa kando ya mto Ngerengere ukiitwa Simbamwene. Misafara ilichagua upande kwa kufuata chakula, maji, vita na bei. Njia kuu ilikuwa kama mto, na vijia vya mlimani vilikuwa vijito vyake. Watu wa milimani walishuka na vyakula, msafara ukala, ukaendelea. Bila vijito, mto hukauka.

Mji wa Simbamwene ulianzishwa na Kisabengo, mtu wa Uzigua aliyekusanya wafuasi wengi, miongoni mwao watoro wa utumwa, akajenga ngome. Stanley alipofika, Kisabengo alikuwa amekwisha fariki na binti yake ndiye aliyekuwa mtawala. Mgeni yule aliyezoea kudharau mengi alistaajabu: aliona ukuta wa mawe wenye minara minne, na milango ya mbao ngumu iliyochongwa kwa nakshi. Alikadiria kuwa wakazi walifika 3,000. Huo ndio uliokuwa Morogoro kabla ya reli, kabla ya mkonge, kabla ya bendera ya Mjerumani.

Na hapo ndipo linapoingia neno ambalo nimelifanya kichwa cha habari. Wajumbe wa binti Kisabengo walikwenda kwa Stanley kudai hongo. Yeye akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba sehemu ya msafara wake iliyotangulia ilikwisha lipa, na kwamba desturi ni kulipa mara moja tu. Msomaji wa leo akikutana na habari hii husema moyoni: kumbe rushwa ilianza zamani! La hasha. Hongo ya siku zile haikuwa rushwa. Ilikuwa ada ya kupita katika nchi ya watu, iliyotolewa mchana kweupe, mara nyingi kwa nguo, shanga au waya, baada ya mazungumzo marefu. Aliyelipa alikuwa anakiri jambo moja: kwamba maji haya ninayokunywa, kuni hizi ninazokata na ardhi hii ninayolala juu yake vina wenyewe. Tazama kwamba hata Stanley, pamoja na ubishi wake, hakusema kuwa mama yule hana haki ya kudai. Alibishana juu ya hesabu tu.

Sitaki kuipamba zamani kupita kiasi. Wako watawala waliofanya hongo kuwa unyang'anyi, na wako wenye misafara waliolipa kwa risasi badala ya nguo. Njia ileile ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha watu waliofungwa minyororo shingoni. Hakuna hifadhi ya njia hiyo itakayokuwa ya kweli ikiwa itaficha minyororo. Lakini pia haitakuwa ya kweli ikiwa itawasahau wapagazi wa mshahara, wengi wao Wanyamwezi, ambao mwishoni mwa karne ya 19 wanahistoria wanawakadiria kufika laki moja kwa mwaka. Hawa walikuwa watu huru, wenye ufundi wao, waliokuwa wakipatana ujira wao na kugoma ulipopunjwa. Kila mmoja alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, na mbele yao alitembea kirangozi aliyeijua njia. Wanawake nao walikuwamo, wamebeba vyungu, mikeka na watoto. Majina ya wazungu waliotembea nyuma ya watu hawa yamo katika kila kitabu. Majina yao wenyewe ni machache mno.

Njia hii ilikufa kwa muda mfupi. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mpagazi akapoteza kazi, kirangozi akapoteza cheo, nyasi zikaota. Karibu karne nzima ikapita kabla serikali yetu haijapeleka jina la njia hiyo Unesco: mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayoombewa kuwa Urithi wa Dunia, kwa jina la njia ya kati ya biashara ya utumwa na pembe za ndovu. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mkoa wa Morogoro umo kwa ajili ya Mamboya. Mji wa Simbamwene haumo.

Siwalaumu walioiandika orodha. Mtu anayetafuta urithi hutafuta kwanza kitu kilichosimama: nyumba, boma, kanisa, kaburi. Ngome ya Kisabengo haikungoja. Mvua kubwa za mwaka 1872, mwaka uleule ambao kimbunga kiliangusha minazi na mikarafuu ya Unguja, zilijaza Ngerengere. Stanley aliporudi akielekea pwani, alikuta ukuta wa mbele wa mji umechukuliwa na maji pamoja na nyumba zipatazo hamsini, na mtawala wake amekimbia. Mlima ulioulisha mji ndio ulioubomoa. Lakini ninachosema ni hiki: njia si majengo. Ukihifadhi vituo sita na kuziacha kilomita 1,200 zilizo katikati, pamoja na watu wanaoishi juu yake, umehifadhi mafundo ukatupa kamba.

Hapa yafaa tuiache njia ya bondeni tupande mlimani, maana ni mlimani ambapo nchi hii ilijifunza, kwa gharama kubwa, kinachotokea hifadhi inapoanza bila kulipa hongo.

Wajerumani waliitenga misitu ya Uluguru Kaskazini na Uluguru Kusini kuwa hifadhi mwaka 1909. Lengo kubwa lilikuwa maji. Waluguru waliokuwa chini ya mpaka walibaki na miteremko yao mikali, na walizidi kuongezeka. Waingereza walipokuja waliona udongo unashuka na mito inabadilika rangi, wakaogopa. Mwaka 1950 ukaanza mpango mkubwa wa matumizi ya ardhi Uluguru. Kila mwenye shamba alitakiwa kuchonga matuta ya ngazi katika mteremko, kuacha kuchoma majani, na kutii masharti mengine mengi. Asiyetii alitozwa faini.

Mabwana shamba hawakuwa wajinga. Waliugundua ugonjwa, na ugonjwa ulikuwepo kweli. Walikosea dawa, na hawakumwuliza mgonjwa. Upande wa mashariki, Matombo na kwingineko, udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukichonga tuta unaufukia huo na kuufunua ule usiozaa kitu. Jasho likawa jingi, mavuno yakapungua. Mgeta, upande wa magharibi, mambo yalikuwa tofauti: huko watu walikuwa na desturi yao ya ngazi, na walilima mboga za kuuza ambazo zinafidia kazi. Tuta lilelile liliishi Mgeta, likachukiwa Matombo. Aliyeandika amri ofisini hakuona tofauti hiyo.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili ndilo lililo karibu zaidi na mada yangu. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi ya zamani ilikuwa ya ukoo chini ya mkuu wake. Mtu asiye wa ukoo aliweza kupewa mahali pa kulima, naye alitoa ngoto, malipo madogo ya kukiri kwamba ardhi ni ya wenyewe. Lakini asipande miti ya kudumu wala asifanye jambo litakaloifanya ardhi ionekane yake. Sasa mwambie mtu huyu achonge tuta la kudumu katika shamba la ukoo wa wengine. Mwenye ardhi ataona amenyang'anywa. Mlimaji ataona anawajengea watu wengine. Ngoto ya mlimani na hongo ya bondeni ni ndugu. Zote mbili husema: nimepita kwako, najua ni kwako. Mpango wa mwaka 1950 haukumwambia mtu yeyote maneno hayo.

Mwezi Julai mwaka 1955 hasira zikalipuka Matombo. Umati ulikusanyika, polisi wakaja, wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Serikali ya kikoloni ikauacha mpango wake. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ikapata masikio mlimani kuliko ambavyo ingepata kwa hotuba mia. Na neno "matuta" likawa chungu kinywani kwa muda mrefu, hata pale ambapo tuta lingefaa. Hiyo ndiyo hasara ambayo haiandikwi katika hesabu: ukilazimisha jambo jema, unaliharibia jina kwa watoto na wajukuu.

Zaidi ya nusu karne baadaye, matuta yalirudi mlimani kwa mlango mwingine. Mashirika ya CARE na WWF yalianzisha mpango wa kuwalipa wakulima wa Kibungo Juu, mashariki ya milima hiyohiyo, kwa kazi ya kuyatunza maji ya Ruvu. Utekelezaji ulianza mwaka 2008 na kuendelea hadi mwaka 2012. Waliochangia kama wanunuzi wa huduma hiyo walikuwa DAWASCO, wagawaji wa maji ya Dar es Salaam wakati huo, na kiwanda cha Coca-Cola Kwanza. Mkulima alichagua mwenyewe la kufanya: kupanda miti shambani, kuotesha mistari ya majani, au kuchonga matuta ya ngazi. Naam, matuta yaleyale. Wajukuu wa watu waliokataa matuta mwaka 1955 waliyachonga kwa hiari, kwa sababu safari hii waliulizwa, na aliyeko chini anayekunywa maji alikubali kwamba anadaiwa na aliyeko juu.

Niliposoma habari za mpango huo nilisema moyoni: hongo imerudi, na safari hii kwa maana yake njema. Lakini nilipotafakari zaidi niliona tofauti moja. Hongo ya zamani ililipwa kila msafara ulipopita. Malipo ya mradi yana mwisho wake, ila mto hauna likizo. Dar es Salaam inaendelea kuyanywa maji ya Ruvu kila siku inayokucha. Deni linalorudi kila siku halilipwi kwa fungu la miaka minne.

Sheria zetu, kwa maandishi, zimesonga mbele sana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi ya kijiji. Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zilifungua mlango wa wanavijiji kuusimamia msitu pamoja na serikali. Mwaka 2008 misitu ya Uluguru Kaskazini, Kusini na Bunduki iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, yenye zaidi ya hekta 24,000. Ni hazina isiyo na mfano: wako ndege, vyura na mimea ambayo haionekani popote pengine duniani. Wageni huja kupanda Lupanga na Bondwa, wengine huvuka hadi uwanda wa Lukwangule. Maana yake ni kwamba vijia vya akina mama wa ndizi vimekuwa pia vijia vya watalii. Kwa muda mrefu, hata hivyo, swali gumu katika usimamizi wa pamoja lilikuwa ni lile la mgawanyo: kijiji kinacholinda msitu wa serikali kinapata nini, kiasi gani, na lini? Wengi walipewa kazi ya kulinda kabla ya kupewa jibu.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa katika mkutano uliofanyika kwenye kijiji kimoja cha upande wa mashariki. Ofisi iliyouandaa sina haja ya kuitaja. Ajenda ilikuwa kuwashirikisha wananchi katika mpango wa njia ya kutembeza wageni. Ukutani ilibandikwa ramani nzuri, na njia imechorwa kwa wino mwekundu. Wataalamu walieleza vizuri, kwa sauti ya upole. Baada ya saa moja na nusu mzee mmoja akasimama, akaisogelea ramani, akaitazama kwa muda. Akasema kwamba mstari ule umepita mahali wanapozika wazee wao na kufanyia matambiko, mahali ambapo hata wao hawapiti ovyo. Palikuwa na kimya. Kisha akajibiwa, kwa upole uleule, kwamba ramani imekwisha chapishwa, lakini hoja yake imepokelewa.

Nilitazama nyuma ya chumba. Wanawake walikuwa watano au sita tu. Nilipouliza wengine wako wapi, nikaambiwa: leo siku ya soko. Waliokuwa wakiilima njia ile, wakiipita kila wiki na mizigo kichwani, wanaojua ni jiwe gani huteleza na ni kijito gani hufurika, walikuwa njiani saa ileile tulipokuwa tunaizungumza njia. Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Hakuna aliyekuwa amewakataza kuja. Lakini mkutano ukiitishwa asubuhi ya siku ya soko umekwisha kuwabagua watu kabla haujafunguliwa kwa sala. Nami nilikuwa nimekaa mbele, nimepewa kiti na soda. Sikusema kitu. Ukimya wangu wa siku hiyo ni sehemu ya sababu ya kuandika haya.

Wako watakaosema: ukimwuliza kila mtu, kazi haitaisha. Ni hoja yenye uzito. Wafadhili wana tarehe zao, masika hayangoji, na si kila anayesimama mkutanoni anasema kwa faida ya wote. Wengine hudai hongo ile ya siku hizi, ya chini ya meza. Lakini tupige hesabu kwa uaminifu. Mpango wa mwaka 1950 haukupoteza muda kwa kuuliza, na ulidumu miaka mitano tu, ukaacha kaburi na uchungu. Haraka ya kuanza ndiyo iliyoleta haraka ya kufa. Mwenda pole hajikwai, tunasema, na akijikwaa hufika.

Wala si kweli kwamba jambo hili haliwezekani katika njia ndefu. Katika milima ya Andes huko Amerika ya Kusini iko mitandao ya njia za kale za Wainka iitwayo Qhapaq Ñan. Iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2014 kwa ombi la pamoja la nchi sita: Argentina, Bolivia, Chile, Ekwado, Kolombia na Peru. Katika njia hizo, nchini Peru, liko daraja la kamba liitwalo Q'eswachaka, lililosukwa kwa majani juu ya mto Apurímac. Majani huoza, kwa hiyo kila mwaka jamii za wakulima wa pale hukusanyika, husuka kamba upya na kulijenga daraja lote tena. Mwaka 2013 Unesco ilitambua ujuzi na desturi za kulijenga upya daraja hilo. Kilichohifadhiwa pale ni kile kitendo cha watu kukusanyika na kusuka. Daraja la zamani hutupwa mtoni. Yule mama wa Morningside angewaelewa watu hao mara moja, bila mkalimani.

Basi hongo ya njia kwa siku zetu ingekuwaje? Mimi si mtaalamu wa mipango, lakini historia inanipa majibu machache. Kwanza, ilipwe kabla ya kupita. Binti Kisabengo hakuwatuma wajumbe baada ya msafara kufika Ujiji. Watu waulizwe wakati ramani ingali ya penseli, si baada ya wino mwekundu. Pili, aliyeulizwa awe na uwezo wa kusema hapana kwa sehemu fulani, na hapana yake iisogeze njia. Vinginevyo alikuwa anaarifiwa, hakuwa anaulizwa. Tatu, malipo yawe mchana kweupe. Kiasi ambacho mgeni ametoa, na sehemu iliyobaki kijijini, viandikwe ukutani kwenye ofisi ya kijiji, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tatu atamsomea bibi yake. Nne, yarudi kila msafara unapopita, si mara moja tu wakati wa uzinduzi na picha.

Na la tano, ambalo pengine lingekuwa la kwanza: aulizwe yule anayeilima. Kiongozi wa watalii aulizwe, ndiyo, na mwenyekiti wa kijiji, na mzee wa ukoo anayejua makaburi yalipo. Lakini aulizwe pia mama wa mkungu wa ndizi, kwa wakati wake, siku ambayo si ya soko. Aulizwe kijana anayebeba mizigo ya wageni, ambaye ndiye mpagazi wa leo, juu ya uzito anaobebeshwa na ujira anaopata. Aulizwe mlemavu ambaye kijia kikisawazishwa kidogo ataweza kufika kanisani au msikitini mwenyewe. Njia inayomfaa huyu itamfaa kila mtu.

Siku hizi treni ya umeme inatuchukua kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kwa muda usiozidi sana saa moja na nusu. Safari zake zilianza mwaka 2024. Dirishani tunaivuka nchi ambayo mpagazi aliipima kwa nyayo zake, na wengi wetu tunakuwa tumesinzia. Ukishuka na kwenda mjini utalikuta soko kubwa jipya lililofunguliwa mwaka 2021, lililopewa jina la Chifu Kingalu, cheo cha kale cha Kinole huko mlimani. Nilifurahi mji ulipoukumbuka mlima kwa jina. Ndani ya soko hilo kuna ndizi, karoti, kabichi na njegere zilizoshuka vichwani au kwa pikipiki. Muulize muuzaji zimetoka wapi, atakuambia Mgeta, au Kinole, au kwa kidole tu: kule juu. Bei utakayolipa ni ya ndizi. Ya njia haimo.

Nilishuka kutoka Morningside jioni ile kwa kijia kilekile. Mahali pale nilipokutana na yule mama, niliona kitu ambacho wakati wa kupanda sikukiona kwa sababu ya kuhema: mawe yalikuwa yamepangwa upande wa bonde, moja juu ya jingine, ili ukingo usimomonyoke, na mfereji mdogo umechimbwa upande wa pili kuyaondoa maji ya mvua. Kazi nzuri, iliyofanywa kwa jembe na mikono, isiyo na kibao cha mfadhili wala tarehe. Nilikuwa nimepita juu ya kazi hiyo mara mbili kwa siku moja, bila kulipa chochote.

Nimeandika insha hii iwe hongo yangu. Najua ni ndogo, na najua wajumbe wana haki ya kurudi kudai zaidi.